Asubuhi ya Pasaka Dodoma: mwongozo kamili kwa mgeni aliyebaki mjini

Pasaka yangu ya kwanza Dodoma ilikuwa mwaka 2018, na iliangukia tarehe 1 Aprili. Nilitoka nyumbani, mtaa wa Kisasa, saa 3 na nusu asubuhi, shati limenyooshwa, Biblia mkononi, nikijua ibada ni saa 4 kama kule nilikotoka. Nilipofika nikakuta watu wako nje, chini ya mwarobaini, wananadi kuku. Ibada ilikuwa imeanza saa 1. Siku ya wajinga ilikuwa imempata mtu wake.

Mji huu umejaa watu wa aina yangu. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, kila inapokaribia Ijumaa Kuu stendi ya mabasi hufurika watu wanaokwenda kwao, na tangu treni ya SGR ianze kufika hapa mwaka 2024, nayo hujaa. Mwongozo huu ni kwa anayebaki: hana nauli, ana zamu kazini, au ameamua tu kwamba sasa hapa ndipo kwake. Nimeshabaki mara kadhaa, na nimejifunza jambo moja kuliko mengine yote. Usiende Pasaka kutazama. Tafuta kazi ya kufanya. Aliyebeba mabenchi Jumamosi hahitaji kujitambulisha Jumapili.

Kwanza, tarehe na saa

Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hesabu ya kanisa. Kwa hiyo haiwahi kutangulia tarehe 22 Machi wala kuvuka tarehe 25 Aprili. Mwaka 2026 ni tarehe 5 Aprili, na kwa kuwa Jumatatu ya Pasaka inafuatwa na Siku ya Karume tarehe 7, mapumziko ni siku tano mfululizo kuanzia Ijumaa Kuu. Mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi.

Hesabu hiyo ya mwezi ina faida yake kwa mtu wa Dodoma. Usiku wa mkesha mwezi huwa mpevu au umeshapita kuwa mpevu kwa siku chache, kwa hiyo mara nyingi huchelewa kuchomoza. Wakati wa kwenda huenda ukahitaji tochi, lakini wakati wa kurudi mara nyingi utakuta njia ina mwanga. Vijijini jambo hili si dogo.

Sasa saa. Ratiba ya Pasaka si ya Jumapili za kawaida, hata katika kanisa ulilolizoea. Ibada ya kwanza inaweza kuwa alfajiri, ya pili saa 1, ya tatu saa 4, au zote zikaunganishwa kuwa moja ndefu kwa sababu askofu anakuja au kuna ubatizo. Matangazo hutolewa Jumapili ya Matawi, mwishoni kabisa mwa ibada, muda ambao wengi tumeshaanza kutafuta viatu vya watoto chini ya benchi. Kaa usikilize. Ukikosa, muulize mzee wa kanisa, au tazama karatasi iliyobandikwa mlangoni. Usimuulize jirani ambaye naye hakwenda.

Pili, uende kanisa gani

Kama una dhehebu lako, hapa huna shida ya kulipata. Waanglikana wana mizizi mirefu: wamisionari wa CMS, chama cha umisionari cha Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876, na Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, makao yake yakiwa hapa Dodoma. Wakatoliki wana kanisa kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Jina hilo lina asili yake: huyo ndiye mwanzilishi wa shirika la mapadre Wapasionisti, waliofanya umisionari katika eneo hili. Dodoma ikawa jimbo kuu mwaka 2014. Walutheri wa KKKT wapo, Wamoravian wapo, na makanisa ya Kipentekoste yapo karibu kila mtaa, kuanzia Chang'ombe hadi Nkuhungu. Wasabato ibada yao ni Jumamosi, na wengi wao hawana sherehe ya Jumapili ya Pasaka, kwa hiyo usishangae ukikuta geti limefungwa.

Ushauri wangu, na najua wako watakaobisha: usikimbilie kanisa kuu. Makanisa makuu yana kwaya zilizojiandaa na vipaza sauti vizuri, lakini viti huisha mapema na utatoka bila mtu hata mmoja kukuuliza jina. Nenda kanisa la mtaani kwako, parokia ndogo, au kigango. Ukipata mwenyeji wa kukupeleka Mvumi, Hombolo au kijiji chochote cha Chamwino, nenda huko, ila lala hukohuko Jumamosi. Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili mvua za Dodoma zinaelekea ukingoni lakini hazijaisha, na korongo lililokuwa kavu Jumamosi jioni linaweza kuwa mto Jumapili alfajiri. Bajaji haivuki hapo, na bodaboda anayekuambia anavuka usimwamini.

Tatu, omba kazi

Hii ndiyo hatua yenyewe. Jumapili ya Matawi, ibada ikiisha, usikimbilie geti. Mtafute mama aliyekuwa anaelekeza watu pa kukaa, au mzee anayehesabu sadaka. Mimi mwaka wangu wa pili nilimwendea bibi mmoja mwenye kilemba cheupe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni wewe?"

"Nimehamia mwaka juzi, bibi. Nataka kusaidia Jumamosi."

Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Kupiga deki unajua?"

"Najua."

"Basi saa 2 asubuhi uwe hapa. Uje na ndoo yako, na maji yako."

Maji yako. Kumbuka neno hilo. Siku ambayo kila kanisa, kila nyumba na kila mama anafua mapazia, bomba linaweza kukauka saa yoyote, kwa hiyo mtu anayefika na madumu mawili yaliyojaa hupokelewa kama malaika. Kama una gari, beba madumu ya wenzako pia. Fagio la chelewa huwa linahitajika, sabuni ya unga huwa haitoshi, na pini za kubandikia vitambaa hupotea kila mwaka.

Kazi nyingine za kuomba: kukata matawi na maua ya kupamba, kukodi na kupanga viti vya plastiki, kufunga turubai la kivuli, kumenya vitunguu na vitunguu saumu vya pilau, kuchambua mchele, kusafirisha wazee. Hii ya mwisho inasahaulika sana. Kila mtaa una bibi au babu ambaye angependa kufika lakini miguu imegoma. Zungumza na nyumba yake mapema, ukubaliane na bajaji Jumamosi, ulipe nusu. Asubuhi ya Pasaka bajaji ni chache na kila mtu anaita.

Kwa Wakatoliki, mlango wa kuingilia kazini ni jumuiya ndogondogo. Jumuiya inakutana nyumbani kwa watu, na zamu za usafi hupangwa huko. Kwa Waanglikana na Walutheri, anza na umoja wa akina mama au vijana. Ukijua kuimba usijipeleke kwaya wiki hiyo, watakucheka. Nyimbo za Pasaka zimefanyiwa mazoezi tangu Kwaresima ianze.

Nne, usiruke siku tatu

Anayefika Jumapili tu ni kama aliyeingia msibani wakati wa kugawa chakula. Alhamisi Kuu kuna kuoshana miguu katika makanisa mengi. Ijumaa Kuu kuna Njia ya Msalaba, na Wakatoliki wana ibada ya mateso mnamo saa 9 alasiri. Siku hiyo hawaadhimishi Misa, na altare huachwa tupu, bila vitambaa. Watu wengi huvaa mavazi meusi au yaliyotulia. Salamu ni za chini. Usimtakie mtu "Pasaka njema" siku ya Ijumaa, subiri.

Jumamosi usiku ni mkesha. Kwa Wakatoliki hii ndiyo adhimisho kubwa kuliko yote ya mwaka, na lazima lianze giza likishaingia, kwa hiyo Dodoma ni kuanzia saa 1 na nusu hivi na kuendelea. Moto mpya huwashwa nje. Padre huchora mwaka kwenye mshumaa wa Pasaka, pamoja na herufi za Alfa na Omega, na kuchomeka chembe tano za ubani. Kisha watu huingia kanisani gizani wakifuata mshumaa huo mmoja, na mwanga hupitishwa kutoka mkono hadi mkono. Beba mshumaa wako na kipande cha boksi kilichotobolewa katikati, nta isikudondokee kwenye vidole wala kwenye kitenge cha aliye mbele yako. Upepo wa Dodoma unajulikana, njoo na kiberiti cha akiba. Baadaye kuna masomo mengi, saba ya Agano la Kale kama hayakupunguzwa, halafu Utukufu unaimbwa huku kengele zikipigwa zote kwa pamoja. Mtoto aliyelala atashtuka. Mwandae.

Wapentekoste wengi nao hukesha, ila mkesha wao ni wa maombi na kusifu, na unaweza kufika alfajiri. Ukienda huko, lala mchana wa Jumamosi. Ndoo ya deki iwe ya asubuhi, usingizi uwe wa mchana.

Tano, asubuhi yenyewe

Msimu huu jua la Dodoma huchomoza saa 12 na nusu hivi. Kama kanisa lako lina ibada ya alfajiri, amka saa 10, maana giza ni sehemu ya ibada. Mariamu Magdalene alikwenda kaburini kungali giza, na wale akina mama walikuwa wamebeba manukato, yaani hata wao walikuwa wanakwenda kazini. Wamoravian wana desturi ya kuipokea alfajiri hiyo makaburini, kati ya wapendwa wao waliolala. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Ukialikwa, nenda. Viatu viwe vya kufunga, nyasi huwa na umande, na mji huu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo baridi ya alfajiri si ya mchezo kwa mtu wa Pwani. Chukua sweta, utalivua saa 3.

Mavazi: nyeupe ndiyo rangi ya siku, lakini usijibane. Kitenge kizuri kinatosha, shati safi linatosha. Mabega na magoti yafunikwe. Kilemba si lazima katika makanisa mengi, ila kijijini mama mzima bila kitambaa kichwani ataangaliwa. Watoto wavae nguo mpya kama zipo, maana nguo ya Pasaka ni jambo zito kwa mtoto, lakini zijaribiwe Ijumaa. Viatu vinavyobana vimeharibu ibada nyingi kuliko mvua.

Fika nusu saa kabla. Usikae mbele kulia wala mbele kushoto bila kuuliza, hapo ni pa kwaya. Mimi nilikaa katikati ya sauti ya tatu mwaka ule wa pili, nikahamishwa mbele ya kanisa zima. Salamu ya Wakatoliki ni "Tumsifu Yesu Kristo," na jibu lake "Milele na milele, amina." Kwa Waprotestanti ni "Bwana Yesu asifiwe," na unajibu "Amina." Asubuhi hii kuna ya ziada: mtu akikuambia "Kristo amefufuka," jibu "Amefufuka kweli kweli." Kijijini, ukiwasalimu wazee "Mbukwenyi" kwa Kigogo, lugha ya Wagogo, wenyeji wa hapa, watacheka kwa furaha na kukujibu maneno mengi usiyoyajua. Tabasamu, endelea kushikana mikono.

Halafu subiri muziki. Hapa ndipo Pasaka ya Dodoma inapoachana na Pasaka za mahali pengine. Wagogo ni watu wa sauti nyingi kwa wakati mmoja. Kiongozi anatupa mstari, wengine wanaudaka kwa sauti za juu na za chini bila karatasi, na kanisa linatetemeka. Kwaya za vijijini huingiza zeze na marimba, njuga miguuni, na kwa bahati nzuri utaona akina mama wakipiga ngoma za muheme wamezibana kati ya mapaja. "Aleluya" haikutamkwa kwa siku zote za Kwaresima katika makanisa ya kiliturujia, kwa hiyo inaporudi inarudi na deni. Bibi yangu wa kilemba, ambaye Jumamosi alikuwa analalamika mgongo, nilimwona anaruka. Usirekodi wimbo mzima kwa simu. Piga picha moja kama imeruhusiwa, weka simu mfukoni, piga makofi.

Mahubiri huwa ya Kiswahili, na vijijini mwinjilisti hugeukia Kigogo anapotaka neno liwaingie wazee. Omba jirani akudokeze.

Ubatizo mwingi hufanyika Pasaka, na kila mtoto ana ukoo wake wa kupiga vigelegele. Jipange kwa saa tatu, hata nne. Chupa ya maji na biskuti za watoto si dhambi, ila watu wazima wale nje.

Meza ya Bwana ina utaratibu. Kwa Wakatoliki, wanaopokea ni Wakatoliki waliojiandaa, wakiwa wamefunga angalau saa moja. Kwa Waanglikana na Walutheri kwa kawaida ni waliopata kipaimara. Kama huna hakika, muulize kiongozi kabla ya ibada, sio ukiwa kwenye foleni. Kubaki umekaa hakumshangazi mtu, hasa mkoa huu wenye mchanganyiko wa wageni.

Sita, sadaka na mnada

Andaa pesa ndogondogo, maana vikapu vinaweza kupita zaidi ya mara moja: sadaka ya kawaida, shukrani ya Pasaka, pengine ujenzi. Watoto wapewe sarafu zao mkononi watoe wenyewe.

Kisha kuna wanaoleta mazao: mahindi mabichi, maboga, karanga, mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha vitu hivi hunadiwa nje, na mnada huu una sheria ambazo hakuna atakayekueleza. Kwanza, bei si bei. Boga ambalo sokoni ni elfu mbili linaweza kufika elfu kumi, na anayelinunua anatoa sadaka, hanunui boga. Pili, aliyeshinda anaweza kulirudisha linadiwe tena. Nimeona jogoo mmoja akiuzwa mara tatu asubuhi moja na bado akaenda nyumbani kwa mchungaji. Tatu, usikune kichwa wala kupungia rafiki wakati mnadi anakuangalia. Nne, ukinunua kitu halafu ukampa mjane au bibi aliyekaa pembeni, fanya kimya kimya.

Na kama hukuleta kitu, nunua mayai. Mtu aliyevaa vizuri akaondoka mikono mitupu anaonekana.

Saba, chakula

Baada ya ibada ya alfajiri kuna chai: maandazi, viazi vitamu, karanga za kuchemsha, uji. Mchana ni pilau na nyama, kachumbari, soda, na juisi ya ubuyu kwa wenye akili. Lakini ukiona sufuria ya ugali wa uwele au mtama na mlenda, anza na hiyo. Pilau utaikuta kila mahali, ilhali mlenda uliopikwa na mama wa Kigogo utakukumbusha kwamba uko Dodoma. Zabibu nazo ni za hapa. Mavuno ya mwanzo wa mwaka huwa yamepita punde, na bado unaweza kupata za kununua barabarani. Mvinyo wa Misa lazima utokane na zabibu, kwa hiyo tunda hili lina undugu wa zamani na kanisa. Hadi leo ukitaja Bihawana, kwenye misheni ya Kikatoliki, watu wanakumbuka mvinyo.

Kama umealikwa nyumbani kwa mtu, peleka sukari, mchele au mafuta ya kula. Usipeleke keki kubwa ya kumfanya mwenyeji aone sahani yake ndogo. Kama wewe ndiye unayealika, alika angalau mmoja asiye wa kanisa lako. Majirani Waislamu wengi watakuja, kama sisi tunavyokwenda kwao Idi. Hakikisha nyama imechinjwa kwa namna wanayoweza kula, na useme mapema bila kusubiri waulize.

Mchana wengine huenda kuona wagonjwa. Uliza kanisa kama kuna kundi linalokwenda, na muda wa kuingia wodini. Ukienda peke yako na kamera, rudi nyumbani.

Nane, vyombo

Jumatatu ni ya watoto, ya Nyerere Square na aiskrimu, na ya harusi zilizokuwa zinasubiri Kwaresima ipite. Lakini kabla ya hayo rudi kanisani asubuhi. Kutakuwa na sufuria zilizoungua chini, viti vya kukodi vinavyotakiwa kurudi kabla ya saa 4, na akina mama wanne ambao hawakukaa tangu Jumamosi. Waambie wakae, wewe osha. Tumia mchanga na majivu kwenye masizi, steelwool peke yake haitoshi. Na kama uliazimisha sufuria yako, utaitambua tu ikiwa uliiwekea alama. Mimi yangu nimeipaka rangi ya kucha nyekundu chini ya mpini. Mwaka jana tulikuwa watatu wenye wazo hilohilo, rangi ileile.